Tunasomesha vijana picha za molekuli za saratani, halafu wanarudi Mbeya kufanya nini?

#1 Mwalimu_wa_Iyunga

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna binti tulimfundisha fizikia hapa Mbeya. Kichwa kweli kweli, na mchapakazi. Akapata ufadhili, akaenda nje, akarudi na shahada ya uzamili. Utafiti wake ulikuwa wa picha za PET za uvimbe wa saratani. Anajua mgonjwa anavyodungwa sukari yenye mionzi, anavyolazwa kimya kwa saa moja, na jinsi ya kutafuta kwenye picha ni seli zipi zimeila sukari ile kwa pupa. Leo anawasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaopima mbembeo wa pendulumu.

Hoja yangu ni hii: tunaandaa wanasayansi wachanga kwa mashine ambayo Nyanda za Juu Kusini hatuna, kisha tunaita kujenga uwezo. Bora nguvu hiyo tungeielekeza kwenye ultrasound na CT, mambo ya molekuli yasubiri mashine zije.

Nipingeni kwa hoja.

#2 Mnyalu_wa_Kihesa

Kamwene mwalimu. Mashine unaisingizia. Shida iko kwenye kiti. Fungua muundo wa utumishi uangalie: kuna daktari, kuna mteknolojia wa mionzi, kuna mhadhiri. Mtafiti wa picha za saratani anakaa wapi? Hata hiyo PET ikishushwa kesho pale hospitali ya kanda, huyo binti ataomba kazi kwa jina gani?

Mdogo wangu alisoma fizikia tiba. Alizunguka na vyeti mpaka akaishia kuuza vifaa vya maabara Iringa mjini. Na anauza vizuri, sina ubaya na biashara, lakini si kazi aliyosomea.

#3 Ndizi_za_Tukuyu

Kabla hamjaenda mbali, sisi wa kawaida tuelezeni. Picha za molekuli ni nini? Tofauti yake na X-ray ya kifua ni ipi?

#4 Nusu_Uhai

@Ndizi_za_Tukuyu X-ray na CT zinakuonyesha umbo: uvimbe upo hapa, una sentimita kadhaa. Picha ya molekuli inakuonyesha kazi inayofanyika ndani ya ule uvimbe. Mgonjwa anapewa kiasi kidogo mno cha dawa inayong'ang'ania kitu fulani kwenye seli. Dawa hiyo imebeba chembe ya mionzi, na kamera inaifuatilia ilipokwenda.

Maarufu zaidi ni FDG, yaani glukosi iliyofungwa florini-18. Otto Warburg aligundua karne iliyopita kwamba seli za saratani zinatumia glukosi kwa kasi isiyo ya kawaida. FDG inaingia kwenye seli kama glukosi, lakini haimeng'enywi mpaka mwisho, kwa hiyo inanasa humo. Florini ikioza inatoa pozitroni (chembe kama elektroni, ila yenye chaji chanya), pozitroni ikikutana na elektroni zinatoka fotoni mbili, yaani miali miwili yenye nishati ya 511 keV kila mmoja, zinazokimbia pande zinazokaribia kukabiliana kabisa. Mashine ya PET ikizikamata zote mbili kwa pamoja, inajua tukio lilikuwa kwenye mstari gani.

Na si mionzi tu. Kuna wanaotumia rangi zinazong'aa wakati wa upasuaji, kuna MRI, hata ultrasound yenye viputo vidogo vilivyopakwa kitu cha kushika mishipa ya uvimbe. Kwa hiyo mwalimu anaposema twende ultrasound tuache molekuli, hivyo viwili havigombani.

#5 Dereva_Uyole

Sasa kama dawa inatengenezwa Dar, si inapanda basi la usiku? Asubuhi iko Uyole. Nimesikia nusu ya nguvu yake inaisha baada ya saa 6. Basi linatumia saa 12 hivi, kwa hiyo inabaki robo. Unaongeza kidogo kule unakotoa, biashara imeisha.

#6 Nusu_Uhai

@Dereva_Uyole saa 6 ni ya teknetiamu-99m, chembe nyingine ya mionzi. Florini-18 nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu ya nguvu kuisha, ni dakika 110.

Piga hesabu. Saa 12 ni dakika 720, karibu nusu-uhai sita na nusu. Inabaki sehemu 1 kati ya 93 hivi. Pakia Dar dozi za wagonjwa 10, tuseme megabekereli 3,700 (kipimo cha nguvu ya mionzi). Ikishuka Uyole una 40. Mgonjwa mmoja tu anahitaji kati ya 185 na 370.

#7 Dereva_Uyole

Basi ndege, inatua Songwe.

#8 Nusu_Uhai

Ukifanikiwa kutoka maabara ya Dar mpaka kitanda cha mgonjwa Mbeya ndani ya saa 3, inabaki asilimia 32. Dozi 10 zinakuwa 3. Inawezekana, na nchi nyingine zinasafirisha hivyo, ila ndege ikichelewa umemwaga hela. Ndiyo maana FDG inadai saiklotroni, mashine ya kutengenezea florini-18, iwe karibu. Nairobi zipo, Aga Khan na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, nao wameingia kwenye mradi wa PET/CT na saiklotroni yake. Kwa Mbeya mimi nisingeanzia hapo. Ningeanza na jenereta.

#9 Kalumbulu

Jenereta? Umeme wenyewe huu wa kukatika?

#10 Nusu_Uhai

Si ya umeme mkuu 😄. Ni kichupa chenye molibdenamu-99 ndani ya ngao ya risasi. Molibdenamu inaoza polepole, nusu-uhai saa 66, na kuzaa teknetiamu-99m. Kila asubuhi unapitisha maji ya chumvi, unatoka na teknetiamu. Wenye fani wanasema wanamkamua ng'ombe, na watu wa Rungwe mnajua ng'ombe anakamuliwaje. Baada ya wiki molibdenamu imebaki asilimia 17, unaagiza kichupa kingine. Hiki kinavumilia safari ya barabara. Hospitali ya Bugando kule Mwanza wana tiba ya nyuklia miaka mingi, na Mwanza nako ni mbali na Dar. Kamera yake inaitwa SPECT.

Kuna jenereta ya galiamu-68 pia, inayotumika kwa saratani ya tezi dume na uvimbe wa homoni. Mama yake ni jemaniamu-68 mwenye nusu-uhai wa siku 271, kwa hiyo kichupa kimoja kinakaa miezi mingi. Bei yake ndiyo inauma.

#11 Mwana_Songea

Nashangaa mnazungumzia kuagiza wakati sisi Ruvuma tuna urani pale Mkuju, Namtumbo. Tuchimbe, tutengeneze wenyewe.

#12 Kemia_ya_Moto

@Mwana_Songea uzalendo naupokea, ila njia ni ndefu. Molibdenamu-99 kwa sehemu kubwa inapatikana kwa kupasua urani-235 ndani ya tanuri la nyuklia, na urani ya ardhini ina asilimia 0.7 tu ya hiyo 235. Lazima irutubishwe, lazima uwe na tanuri, lazima uwe na maabara ya kuitenganisha kwa haraka. Tanzania hatuna tanuri. Afrika Kusini wanalo la SAFARI-1 pale Pelindaba, karibu na Pretoria, na linazalisha kweli. Mkuju haitufikishi huko miaka ya karibuni.

Turudi kwa vijana.

#13 Dada_wa_PET

Nimesoma uzi wote. Mimi si huyo binti wa mwalimu, ila nimepita njia ileile na nimerudi Nyanda za Juu.

Mwalimu, ukisema tumesomea mashine unakosea tulichosomea. Siku za mwanzo kule hawakunigusisha mashine. Msimamizi alinipeleka kwenye saa. Saa ya kifaa cha kupimia dozi, saa ya kompyuta ya skana, saa ya ukutani kwenye chumba cha kudungia. Akaniuliza: zikitofautiana dakika 10 nini kinatokea? Kwa florini-18 ni kosa la kama asilimia 6 kwenye namba ya mwisho, na picha haikuonyeshi kwamba kuna kosa. Inatoka nzuri, inang'aa, na ni ya uongo.

Namba yenyewe inaitwa SUV. Chukua mgonjwa wa kilo 60 aliyedungwa megabekereli 370. Baada ya dakika 60 zimebaki kama 253. Zingesambaa sawasawa mwili mzima, kila gramu ingekuwa na kilobekereli 4.2, na hiyo ndiyo SUV 1. Ukikuta uvimbe una 42 kwa gramu, SUV ni 10. Sasa mgonjwa akipimwa kabla ya dawa na baada ya dawa, daktari anaangalia imeshuka kutoka ngapi mpaka ngapi. Ukiwa umeandika uzito alioutaja mgonjwa kwa mdomo badala ya kumpima, umemdanganya daktari. Sukari ya damu ikiwa juu, vilevile, kwa sababu glukosi ya kawaida inagombania mlango na FDG.

Haya ndiyo mafunzo. Nidhamu ya kipimo, na kushuku picha nzuri. Hayo hayangoji mashine. Nimerudi nayo, na nayatumia hata kwenye ultrasound mnayoitaka.

Kilichonikosesha raha baada ya kurudi si kukosa PET. Ni kukosa mtu wa kubishana naye. Kule kila wiki mkemia, daktari, mwanabiolojia na mtu wa kompyuta walikaa meza moja na kuchambuana bila huruma. Huku kila mmoja yuko kwenye jengo lake.

#14 Mnyalu_wa_Kihesa

Huyu dada amesema. Ila nabaki na kiti changu. Meza ya kubishana inahitaji viti 😄

#15 Daktari_wa_Wodini

Nachangia kutoka kwa wagonjwa. Nyanda hizi wanawake wanakuja na saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imeshasogea. Wanaume na wanawake wanakuja na saratani ya umio wakati hata uji haupiti. Ukanda wa mashariki mwa Afrika unaoshuka mpaka Malawi, jirani zetu wa Kyela, una umio mwingi kuliko kawaida ya dunia.

Halafu kuna kifua kikuu. Wengi mnadhani FDG inaonyesha saratani. Inaonyesha seli zenye njaa ya glukosi, na seli za kinga zinazopigana na TB zina njaa hiyohiyo. Tezi za mgonjwa wa VVU nazo zinaweza kuwaka. Kwa hiyo picha ya mapafu ambayo Ulaya ingesomwa haraka kuwa saratani imesambaa, kwa mgonjwa wa Mbeya inaweza kuwa TB ya kutibika kwa vidonge.

Hapo ndipo pana utafiti wetu. NIMR Mbeya, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina uzoefu mkubwa wa TB na VVU. Mwanasayansi mchanga aliyekulia kwenye TB akafundishwa picha za molekuli ana swali ambalo mwenzake wa Munich hana mgonjwa wa kulijibu. Tunapeleka vijana wakajifunze maswali ya wenzetu, wanarudi na majibu ya watu wengine. Mimi tatizo naliona hapo, si kwenye mashine wala kiti.

#16 Ndizi_za_Tukuyu

Daktari, hiyo ya umio ni chai ya moto? Maana huku chai tunalima na baridi tunaishi nayo.

#17 Daktari_wa_Wodini

Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Si chai yenyewe, ni joto. Tumbaku na pombe zimo kwenye orodha kwa uhakika zaidi. Moshi wa jikoni na lishe bado vinachunguzwa. Subiri chai ipoe kidogo, hautapungukiwa kitu.

#18 Kalumbulu

Chai ikipoa Njombe mwezi wa saba inakuwa barafu daktari 😂

#19 Mama_Neema_Mafinga

Jamani mimi ni mzazi. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa kemia na anataka njia hii. Maswali mawili: mionzi haitamharibu? Na ufadhili anaupata wapi?

#20 Nusu_Uhai

Mama, la kwanza. Kikomo kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka ndani ya miaka 5. Anavaa kipimo kifuani, wengine na pete kidoleni, na TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu, inatoa huduma ya kuvisoma. Akishika mimba anatoa taarifa mapema na anapangiwa kazi nyingine, maana kikomo cha mtoto tumboni ni milisiveti 1. Hatari ipo pale ambapo watu hawavai vipimo au wanaviacha droo. Afundishwe hilo kabla ya yote.

#21 Mpanda_Ngazi

Ufadhili: aombe Marie Curie. Ule ni wa wanawake tu, euro 10,000 ada na 10,000 za kuishi kwa mwaka.

#22 Dada_wa_PET

@Mpanda_Ngazi tuitenganishe, watu wengi wanapoteza nafasi hapa. Kuna mbili zenye jina hilo.

Ya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomu, ilianza mwaka 2020, ni ya wanawake, kwa shahada ya uzamili kwenye fani za nyuklia, tiba ya nyuklia ikiwemo. Kiasi ulichotaja ndicho cha juu kabisa kwa mwaka. Ya Umoja wa Ulaya ni nyingine, ya uzamivu na kuendelea, wanaume kwa wanawake, uraia wowote. Sharti lake kubwa ni kuhama: usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita.

Kwa wa fizikia kuna pia uzamili wa fizikia tiba pale Trieste, Italia, wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia, na chuo kikuu cha huko. Miaka miwili, wa pili wote uko hospitalini. Umepokea Waafrika wengi.

#23 Kemia_ya_Moto

Na Marekani msijichoshe na T32. Ndiyo njia kuu ambayo taasisi yao ya afya, NIH, inagharimia mafunzo ya wanasayansi wachanga, na programu za picha za saratani zimo. Lakini anayelipwa kupitia T32 lazima awe raia au mkazi wa kudumu. Nimeona vijana wanaandika barua nzuri kwa mlango uliofungwa. Bora umwandikie profesa mwenye fedha zake za utafiti.

#24 Mama_Neema_Mafinga

Mungu awabariki. Nimempigia picha kurasa zote.

#25 Mwalimu_wa_Iyunga

Nawasoma wote. Daktari na Dada mmenisogeza, ila hamjanitoa nilipo. Nidhamu ya kipimo naweza kumfundisha kijana kwa pendulumu, kwa nini nimpeleke nje kwa gharama ile? Na swali la TB litajibiwaje bila kamera? Mnatetea kufundisha kuogelea nchi kavu.

#26 Mama_Maabara

Mwalimu, niruhusu. Mimi ni wa mikrobiolojia, kazi yangu ni kupima ubora wa maji na vyakula.

Dawa ya PET kabla ya kumfikia mgonjwa inapimwa pH, usafi wa kikemia, sumu za bakteria, na kama haina vimelea. Kipimo cha vimelea kinaoteshwa siku 14. Dawa yenyewe inaisha nguvu jioni. Maana yake mgonjwa anadungwa kabla jibu halijatoka, na jibu linakuja kuthibitisha tu kwamba chumba na mikono vilikuwa safi. Usalama wote umewekwa kwenye utaratibu uliofanyika kabla. Kijana wa mikrobiolojia wa Mbeya anaweza kufundishwa hapa hapa kuoteshea, kupima hewa ya chumba safi, kuandika kumbukumbu zisizofutika. Siku jenereta ya Nusu_Uhai inashuka, mtu wa kuisimamia yupo. Mashine ikitangulia na mtu hayupo, inafunikwa turubai. Tumeshaziona.

#27 Kodi_na_Kahawa_Mbozi

Naongeza upande wa kompyuta. Tangu mwaka 2011 kuna hifadhi ya wazi ya picha za saratani, The Cancer Imaging Archive. Unapakua CT, MRI na PET za wagonjwa walioondolewa majina. Programu ya 3D Slicer ni ya bure, inakata uvimbe na kukokotoa SUV. Laptopu ya kawaida inatosha kuanzia, bando ndilo linaumiza. Nipo tayari kukaa na vijana Jumamosi Mwanjelwa, walete laptopu zao, picha nimeshazipakua.

#28 Daktari_wa_Wodini

@Kodi_na_Kahawa_Mbozi wazo zuri, na nitakuja. Ila uwaambie vijana kwamba picha nyingi za humo zimetoka Marekani na Ulaya. Watajifunza mapafu ambayo TB ni nadra. Kijana akizoea hayo, akija wodini kwangu atasoma TB kuwa saratani kwa kujiamini kabisa. Lazima tuwe na picha zetu, hata CT tu kwa kuanzia, zikiwa na majibu ya vipimo vya vinyama vilivyokatwa pembeni.

#29 Kemia_ya_Moto

Na hizo picha zetu haziingii kwenye laptopu ya Mwanjelwa hivihivi. Kibali cha maadili kwanza, ridhaa ya wagonjwa, majina yaondolewe mpaka kwenye vichwa vya faili za DICOM (aina ya faili za picha za hospitali), maana jina linajificha humo hata ukilifuta kwenye picha. Hilo nalo ni somo la mwanasayansi mchanga, na sijaona chuo kinachoanza nalo.

#30 Mnyalu_wa_Kihesa

Jumamosi nitafika na mdogo wangu, dukani wamempa ruhusa. Lakini nawauliza tena, mwalimu na madaktari: baada ya hizo Jumamosi, nani anapeleka pendekezo la kuongeza hicho cheo kwenye muundo?

#31 Mwalimu_wa_Iyunga

Binti nimemwonyesha uzi. Anauliza hizo CT za daktari zina unene gani wa kipande kimoja cha picha, maana chini ya milimita 3 anaweza kuzifanyia kazi, zaidi ya hapo hataki.

#32 Daktari_wa_Wodini

Mchanganyiko. Za zamani ni 5. Aje aone mwenyewe.